Gari Bila Daftari Lake

Mjomba wangu alikuwa dereva wa lori la ushirika mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati pamba ya Usukuma ilipokuwa ikibebwa kutoka maghala ya vyama vya msingi hadi kwenye viwanda vya kuchambulia. Ukimuuliza leo habari za lori hilo, hatakusimulia nguvu zake wala njia alizopita nalo. Atakusimulia daftari. Lilikuwa daftari la kawaida lenye jalada gumu, na ndani yake aliandika kila alipobadilisha oili, kila alipoziba pancha, kila fundi alipofungua kitu na kukifunga tena. Vyama vikuu vya ushirika vilipovunjwa mwaka 1976, watu walikuja kulichukua lori. Walihesabu matairi, wakahesabu spana, wakasaini karatasi. Daftari hawakuliulizia. Liko nyumbani kwake Kiloleli mpaka leo, limeliwa na mchwa pembeni, likieleza afya ya lori ambalo pengine lilikwisha kuyeyushwa na kuwa masufuria.

Nimelikumbuka daftari hilo kwa sababu ya gari moja ambalo familia yetu ilikaribia kulinunua Novemba 2019, na ambalo hatimaye lilinunuliwa na mtu mwingine. Kwa muda mrefu sikutaka kuandika habari hii, kwa kuwa simo ndani yake kwa sura nzuri.

Mdogo wangu analima pamba. Wanaokumbuka msimu ule wanajua ulivyokuwa: ulifunguliwa Mei, bei ikawa shilingi 1,200 kwa kilo, bei ya soko la dunia ikashuka, wanunuzi wakasuasua, na wakulima wengi wakakaa miezi wakiwa na karatasi za mizani mifukoni badala ya fedha. Yeye alilipwa Oktoba. Kwa hasira ya kungoja, aliamua kwamba hatategemea zao moja tena. Aliuza ng'ombe sita, dada zetu wawili wakachangia, nami nikachukua mkopo wa benki ambao ulikatwa kwenye mshahara wangu kwa miaka minne. Tulipata shilingi milioni 24. Tulitaka gari la kubeba abiria na mizigo kutoka vijijini hadi barabara kuu ya Mwanza–Musoma, hasa wakati wa masika. Asiyeijua ardhi ya mbuga huenda haelewi kwa nini hatukufikiria gari dogo. Udongo ule mweusi ukikauka hupasuka hadi mguu ukaingia, na ukilowa hushika tairi mpaka gari lenyewe liwe kama mche uliopandwa pale. Mgonjwa wa usiku wakati wa mvua hubebwa kwa mkokoteni wa ng'ombe, akifika amefika.

Gari tuliloelekezwa lilikuwa Bariadi mjini, nyuma ya nyumba moja ya wageni. Land Cruiser hardtop ya mwaka 2009, nyeupe, yenye mkonga wa kuvutia hewa pembeni mwa kioo cha mbele. Lilikuwa mali ya kampuni inayokodisha magari kwa wakandarasi. Dashibodi ilisomeka kilomita 138,420. Muuzaji alitaka milioni 26 na alikuwa tayari kushuka. Kwenye simu aliniambia maneno ambayo nadhani kila mnunuzi wa gari katika nchi hii amewahi kuambiwa: "Hili ni gari la kampuni, mheshimiwa. Lilikuwa linapigwa sevisi bila kukosa."

Nilimwamini. Mimi ni mtu wa vitabu, na kwangu neno kampuni lilikuja na picha ya faili, ratiba, na mtu wa ofisini mwenye kalamu. Aliyekataa kuamini ni Mjomba. Alisema atakwenda nasi, akiwa na miaka sabini na moja na goti linalomsumbua. Tulifika Bariadi Ijumaa jioni, tukalala. Miadi na muuzaji ilikuwa saa nne asubuhi ya Jumamosi. Saa kumi na mbili na nusu Mjomba alikuwa ameshavaa koti.

"Mjomba, tumeahidiana saa nne."

"Najua, mpwa wangu. Saa nne atakuwa ameshaliwasha."

Mlinzi alitufungulia. Mjomba aliweka kiganja juu ya boneti, akakiacha pale kwa muda kama anayempima mtoto homa. Boneti ilikuwa ya baridi. Ndipo alipotueleza kwamba injini iliyochakaa husema ukweli mara moja tu kwa siku, inapoamka. Ikishapata joto, moshi hupungua, mgongano wa vyuma hufifia, na hata betri iliyochoka huonekana nzima. Muuzaji anayekungoja na injini inayonguruma amekwisha kukunyima saa ya maana kuliko zote.

Muuzaji aliitwa, akafika akiwa hajanawa uso. Gari likawashwa. Lilichelewa kidogo kushika, likatoa moshi mweupe, kisha ukaingia weusi mwepesi, kisha ukatulia. Mjomba alitikisa kichwa bila kusema kama ni vizuri au vibaya. Moshi alioogopa ni wa bluu, ambao maana yake ni kwamba oili inaungua pamoja na mafuta, na huo hakuuona. Aliagiza injini izimwe, akafungua kifuniko cha oili, akapitisha kidole kwa ndani. Mimi nilipoona weusi nikadhani tumepata kasoro. Akanisahihisha: injini ya dizeli huichafua oili mpya ndani ya siku chache, kwa hiyo rangi pekee haina ushahidi. Anachotafuta ni utando mzito unaonata kama lami chini ya kifuniko, kwa kuwa huo haujengeki kwa mwezi mmoja. Hujengeka pale oili inapoachwa mara nyingi kupita muda wake. Utando ulikuwepo. Haukuwa mnene sana, lakini ulikuwepo.

Rejeta aliifungua kabla injini haijapata moto. Maji yalikuwa na rangi ya chai. Hapo aliniita nisogee, akaniuliza kama nayaona. Gari linalotunzwa huwekewa maji yenye dawa ya kuzuia kutu, na dawa hiyo huwa na rangi yake, kijani au nyekundu. Rangi ya chai ni kutu, na kutu hutokana na maji ya bomba, ya kisima au ya ziwa, yaliyomiminwa na dereva mwenye haraka na asiyekuwa na fedha ya dawa. "Huyu dereva alikuwa anajinunulia maji mwenyewe," alisema. Sikumwelewa wakati ule.

Kisha akaingia ndani. Mpira wa pedali ya klachi ulikuwa umelika hadi chuma kinachungulia, ilhali ule wa breki ulikuwa mpya kabisa, bado una vinyweleo vya kiwandani. Usukani ulikuwa unang'aa kama mpini wa jembe la zamani. Kilomita 138,000 haziwezi kung'arisha usukani namna hiyo, alisema, na mtu haweki mpira mpya kwenye pedali moja bila kuwa na jambo analolificha au analoliokoa. Matairi yalikuwa ya chapa tatu tofauti. Alinionyesha jambo ambalo sikuwa nalijua ingawa nimeendesha gari miaka kumi na mitano: ubavuni mwa tairi kuna namba nne ndani ya duara refu, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka lilipotengenezwa. Moja lilisomeka 2311. Lilikuwa na miaka minane.

Haya yote yalikuwa dalili tu, na muuzaji alikuwa na jibu kwa kila moja. Lililomnyamazisha lilipatikana kwa bahati. Mjomba aliomba tochi ya simu yangu, akainama mbele ya injini kwa shida ya goti lake, akaniambia nimulike kwenye kifuniko cha mkanda wa taimingi. Chini ya vumbi kulikuwa na maandishi ya rangi nyeupe, mkono wa fundi, herufi kubwa zisizonyooka: T/BELT 241,600 – 3/2015.

Nilisoma mara mbili. Gari lililokuwa limetembea kilomita 241,600 mwezi Machi 2015 lilikuwa limetembea 138,420 mwezi Novemba 2019. Mtu alirudisha mita nyuma, akapaka rangi, akaosha viti, akabadilisha mpira wa pedali moja, akasahau kwamba miaka minne nyuma fundi mwenye adabu ya kazi alikuwa ameacha saini yake gizani. Nilitoa simu, nikapiga picha ya maandishi yale. Kisha nikaanza kumhutubia muuzaji. Nilimtajia sheria ya ushindani wa haki ya mwaka 2003 na makatazo yake juu ya udanganyifu wa kibiashara. Alinisikiliza kwa utulivu, kama mtu anayengoja mvua ipite. "Mheshimiwa," alisema, "mimi nimelipata likiwa hivyo. Kama hulitaki, wapo wanaolitaka."

Mjomba hakuwa na hasira. Kwake maandishi yale yalikuwa habari njema ya kwanza asubuhi ile. Gari lenye kilomita laki tatu na nusu ambalo mtu aliliandika, alisema, ni salama kuliko gari lenye laki moja ambalo hakuna aliyeliandika. Swali lake lilikuwa moja: baada ya fundi huyu, alifuata nani? Kwenye kivuli cha jua, upande wa dereva, palikuwa na namba ya simu iliyoandikwa kwa kalamu. Madereva huandika hapo namba ya fundi wao, ili wakikwama porini wasiitafute. Mjomba akapiga. Fundi alikuwa Shinyanga mjini, na alilikumbuka gari kwa ufa uliokuwa kwenye mkonga. Alikuwa akilihudumia tangu 2010. Mkanda alikuwa ameubadilisha mara mbili. Mwaka 2016 mkataba ulibadilika, gari likahamia kwa mkandarasi mwingine, na tangu hapo halikurudi kwake tena.

"Huo mkanda wa 2015 ulibadilishwa tena?" Mjomba aliuliza.

"Labda kwa mtu mwingine, mzee wangu. Lakini yule dereva wa mwisho alinipigia mara moja, akitaka nimwambie namna ya kuzuia rejeta isivuje bila kununua kitu."

Nimefikiri sana juu ya jibu hilo, na ndilo linalonifanya niandike. Gari la kukodishwa lina watu watatu: mwenye gari, aliyelikodi na anayeliendesha. Mikataba mingi ya namna hii humpa mkodishaji jukumu la matengenezo makubwa na kumwachia mkodi yale ya kawaida. Mkataba ukiwa wa miaka mitano, mpangilio huo hufanya kazi, kwa kuwa wote wawili wataumia gari likifa. Ukiwa wa miezi mitano, kila mmoja ana sababu ya kungoja. Mkanda wa taimingi ni matengenezo ya kawaida au makubwa? Mwenye gari atasema ni ya kawaida. Mkodi atasema ni makubwa, tena mkanda mpya utamhudumia atakayekuja baada yake. Hivyo anabaki dereva, ambaye hana gari, hana mkataba na hana fedha, akimimina maji ya ziwa kwenye rejeta kwa mfuko wake mwenyewe. Ndiyo maana ya maneno ya Mjomba kwamba dereva alikuwa anajinunulia maji. Ukitaka kujua historia ya gari la mkataba, kilomita hazitakusaidia. Uliza ni nani aliyekuwa akilipia oili katika mwaka wake wa mwisho, na kama alijua kwamba ni wa mwisho.

Wasomaji wangu walio katika utumishi wa umma watakuwa wamekwisha kuyaona magari ya aina hii kwenye maegesho ya ofisi zao. Gari la mradi wenye mwaka mmoja uliobaki huendeshwa kwa namna yake. Kila mtu analitumia, hakuna analolidai. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimekuwa zikirudia habari za magari yaliyotelekezwa, yaliyo juu ya mawe katika halmashauri na taasisi, na tunazisoma kila mwaka kama tunavyosoma taarifa ya hali ya hewa.

Hatukulinunua. Mdogo wangu aliona nimemharibia. Alisema bei ingeshuka hadi milioni 22, tungebadilisha mkanda wenyewe, tungeanza kazi kabla ya Krismasi. Pengine alikuwa sahihi. Mjomba mwenyewe alikuwa anaelekea huko, kwa sharti la kulifungua injini kwanza kwa fundi wake, jambo ambalo muuzaji alilikataa. Tulirudi kwa basi hadi Lamadi bila kuzungumza. Januari tulinunua Probox iliyotoka Japani, gari dogo ambalo mbugani wakati wa mvua halifiki popote, lakini lilikuwa na kibandiko kwenye nguzo ya mlango kilichoonyesha tarehe na kilomita za oili iliyobadilishwa mara ya mwisho. Mwenzangu mmoja aliyesoma Japani alinisomea. Injini yake hutumia mnyororo badala ya mkanda, na cheti chake cha kusafirishwa nje kilionyesha kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi wa mwisho wa nchi ile. Namba ya cheti na ya dashibodi zilikubaliana.

Sasa nieleze nilichokificha.

Wiki mbili hivi baada ya safari yetu ya Bariadi, mdogo wangu alinipigia simu. Kati ya mambo mengine alisema kwamba Mwalimu naye anatafuta gari, na amesikia kuna hardtop Bariadi. Mwalimu alinifundisha darasa la nne pale Kiloleli. Ndiye aliyenisimamisha mbele ya darasa nisome kwa sauti nilipokuwa na kigugumizi, na hakuruhusu mtu acheke. Alistaafu katikati ya mwaka ule, kabla ya kikokotoo kipya kilichokuja Julai 2022, kwa hiyo alikuwa amepokea nusu ya mafao yake kwa mkupuo. Miaka karibu arobaini ya chaki ilikuwa kwenye akaunti moja ya benki.

Nilikuwa nasahihisha mitihani. Nilimjibu mdogo wangu, "Mwambie awe makini."

Nimeyarudia maneno hayo mara nyingi. Awe makini na nini? Nilikuwa na picha kwenye simu. Nilikuwa na namba ya fundi wa Shinyanga. Nilijua mkanda ule ulikuwa umepita muda wake, na Mjomba alikuwa amenieleza kinachotokea unapokatika: valvu na pistoni za injini ile hukutana mahali ambapo hazikupaswa kukutana. Simu moja ya dakika tatu ingetosha. Lakini nilijiambia kwamba huenda si gari lile lile, kwamba mtu mzima hapendi kuelekezwa na mwanafunzi wake, kwamba muuzaji anaweza kusema ninamchafulia biashara. Nilikuwa nimeshamhutubia muuzaji na nafsi yangu ilikuwa imetosheka. Na sisi wahadhiri, Mungu atusamehe, mara nyingi tukishasema jambo kwa usahihi hudhani tumekwisha kulitenda.

Mwalimu alilinunua mwanzoni mwa Desemba, kwa milioni 23. Fundi aliyekwenda naye alitazama dashibodi, akaona kilomita laki moja na thelathini na nane, akamwambia mkanda bado una maisha. Kwa namba aliyoiona, hakukosea sana. Mkanda ulikatika Februari 2020, kwenye barabara ya Bariadi–Lamadi, gari likiwa na abiria tisa. Hakuna aliyeumia. Wote walirudishiwa nauli.

Mwaka 1970 mwanauchumi wa Marekani, George Akerlof, alichapisha makala kuhusu soko la magari yaliyotumika ambayo ilimpatia sehemu ya Tuzo ya Nobel mwaka 2001. Wanafunzi wangu huikariri kwa ajili ya mtihani. Hoja yake ni kwamba mnunuzi asipoweza kutofautisha gari zima na bovu, atatoa bei ya katikati kwa yote. Mwenye gari zima ataona anapunjwa, ataliondoa sokoni, na sokoni watabaki wenye mabovu. Waswahili husema umeuziwa mbuzi kwenye gunia. Ninalojifunza kutoka kwa fundi wa Shinyanga ni upande ambao hatuusemi darasani: uangalifu wake wa miaka sita haukuongeza hata shilingi moja kwenye bei ya gari lile, kwa sababu haukuandikwa mahali ambapo mnunuzi angeusoma. Uliandikwa chini ya vumbi.

Na ni kweli kwamba dola zetu hupima magari. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane. Uganda mwaka 2018 iliweka ukomo wa miaka kumi na mitano. Sisi Tanzania hatukatazi, tunatoza ushuru wa ziada kwa gari la zaidi ya miaka minane. Zote tatu zinauliza mwaka wa kuzaliwa, na hakuna hata moja inayouliza lilivyolelewa. Shirika la Viwango, TBS, hukagua ubora wa magari yaliyotumika yanayotoka nje. Ukaguzi huo ukipita, gari likapata namba ya T, maisha yake ya nyuma yanafungwa na ya mbele hayaandikwi. Itazame kadi ya gari lako: jina, namba ya chasisi, namba ya injini, rangi, mwaka. Kilomita hazimo. Uingereza, yeyote akiwa na namba ya gari anaweza kuona mtandaoni, bure, maili zilizosomwa katika kila ukaguzi wa mwaka. Mita ikirudi nyuma, jirani anaiona.

Hatuhitaji kujenga jengo jipya kwa jambo hili. Kila gari hukatiwa bima kila mwaka, na mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, tayari humwezesha mtu kuhakiki bima kwa namba ya gari. Kila Wiki ya Nenda kwa Usalama magari hukaguliwa na kubandikwa stika. Mahali popote kati ya hapo, mtu mwenye kalamu angeweza kuandika namba moja iliyo kwenye dashibodi. Na magari ya Serikali yana logibuku kwa mujibu wa taratibu. Matengenezo yake yana wakala wake, TEMESA, tangu mwaka 2005. Gari la umma linapopigwa mnada, kwa nini logibuku na jalada la matengenezo visikabidhiwe kwa mnunuzi pamoja na ufunguo? Rafiki yangu mmoja aliye wizarani aliniambia kwamba nyaraka hizo ni mali ya ofisi. Nilimwambia gari nalo lilikuwa mali ya ofisi.

Vyuo vilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, nilirudi Kiloleli. Nilikaa siku nne kabla ya kwenda kwa Mwalimu. Gari lilikuwa uani, juu ya mawe, magurudumu yakiwa yameondolewa, kuku wamepata kivuli chini yake. Kichwa cha injini kilikuwa kimefunguliwa na kufunikwa kwa gunia la pamba. Fundi alikuwa amemtajia bei ya kulifufua, na bei hiyo ilikuwa zaidi ya kilichobaki benki.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Wanafunzi wako wanasomaje sasa, kila mtu akiwa kwao?"

Tuliongea habari za chuo, za korona, za mvua iliyozidi mwaka ule. Hakulalamika. Alisema gari ni chuma, na chuma hakina ahadi. Ningeweza kuaga na kuondoka. Yeye hakujua chochote. Nikatoa simu, nikaitafuta ile picha, nikampa bila kueleza.

Alivaa miwani. Aliisogeza simu mbali, akaisogeza karibu, kisha akasoma kwa sauti, polepole, kama alivyokuwa akitusomea imla: "Laki mbili, elfu arobaini na moja, mia sita. Mwezi wa tatu, elfu mbili kumi na tano." Alitazama kule lilikokuwa gari. Akaitazama tena picha. Alilitambua kifuniko, kwa kuwa kilikuwa pale chini kando ya gunia, na maandishi yalikuwa bado yanaonekana.

"Picha hii uliipiga lini?"

Nilimwambia. Tarehe 16 Novemba.

Alihesabu kimya, niliona midomo yake ikitaja miezi. Kisha alinirudishia simu kwa mikono miwili, akamwita mjukuu wake alete chai.